Umecheka "in Thika Road"? Basi keti hapa kidogo

Hii posti itaudhi makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza ni wale ambao kazi yao mtandaoni ni kuwinda Kiingereza cha wenzao. Wakiona "in" imekaa mahali pa "on" wanapiga skrinishoti mbio na kusambaza, utadhani wameshika mwizi. Kundi la pili ni wale wa "Kiingereza si cha mama yangu, bora umenielewa." Nawapenda nyote, lakini enyewe nyote mnatupotezea watu na pesa, na leo nitawaeleza vile.

Nianze na kundi la kwanza. Nina rafiki anayeoka keki. Keki za ukweli, si zile ukiuma unatafuta chai haraka. Mwaka jana alifungua ukurasa wa biashara, akaweka picha, akaweka bei, kisha akaandika mahali alipo: "We are located in Thika Road." Hiyo posti ilipata komenti nyingi kuliko zote alizowahi kuweka, na hakuna hata moja iliyouliza bei. Mmoja aliuliza kama oveni iko katikati ya barabara. Mwingine akauliza kama matatu humpigia honi akikoroga unga. Wengine wakaweka vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, vikajaa ukurasa mzima.

Baada ya siku mbili alifuta kila kitu. Hakufuta ile posti pekee, alifuta ukurasa wote. Siku hizi anauzia watu wa ploti na wa kanisani tu. Nikimuuliza mbona asirudi, ananijibu, "Wachana na hiyo maneno. Sitaki kuandika tena."

Sikia vizuri alichosema. Hakusema hataki kuuza. Alisema hataki kuandika. Neno la herufi mbili lilimfunga mtu mdomo, na sasa kuna watu huko nje wanakula keki kavu kwa sababu nyinyi mlitaka kucheka.

Na swali langu ni moja: kati ya wote waliocheka, kuna aliyeshindwa kuelewa keki ziko wapi? Hakuna. Huwezi kucheka utani wa oveni barabarani kama hujaelewa kwanza kwamba biashara iko kando ya Thika Road.

Sasa twende kwa kundi la pili. Jirani yangu ni kijana wa kazi za mtandaoni, anaandikia wateja wa nje makala. Mteja mmoja alimuuliza kama ana nafasi ya kushika kazi fulani. Akajibu, "I can work on it until Thursday." Kichwani mwake alikuwa anasema: nitaishughulikia, na kufikia Alhamisi itakuwa imekwisha. Mteja akasoma kitu kingine kabisa: huyu yuko huru mpaka Alhamisi peke yake, baada ya hapo hapatikani. Na mteja alitaka mtu ambaye angekuwepo wiki inayofuata pia, kwa ajili ya masahihisho. Kazi ikaenda kwa mwingine.

Hapo hakuna aliyecheka. Hakuna skrinishoti. Mteja aliendelea na maisha yake kwa heshima zote. Jirani alikuja kujua kilichotokea kwa sababu tu aliandika tena na kuuliza kwa upole. Neno alilohitaji lilikuwa "by". "I can finish it by Thursday," yaani ikifika Alhamisi kazi iko mikononi mwako.

Weka hizo hadithi mbili kando kwa kando. Ya kwanza ilichekwa na mtandao mzima na maana haikupotea hata kidogo. Ya pili haikuchekwa na mtu na kazi ilipotea. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: vihusishi vya Kiingereza viko vya aina mbili. Kuna vile ukikosea unasikika tofauti, na kuna vile ukikosea unasema kitu kingine. Sisi tumetumia nguvu zetu zote kuchekana kwa sababu ya vile vya kwanza, tukasahau kufundishana vile vya pili.

Kabla sijaenda mbali, tuulizane kwa nini hivi vijineno vinatusumbua. Si kwa sababu hatukusoma. Tumevisoma tangu shule ya msingi. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE ina ule mtihani wa kujaza nafasi kumi, na mara nyingi kihusishi kimejificha humo. Tatizo ni kwamba tulifundishwa kujaza nafasi. Hatukufundishwa jinsi Kiingereza kinavyotazama mahali.

Kila lugha ina macho yake. Kiswahili kina po, ko na mo. Najua mwalimu alikuimbisha hizo hadi zikakuchosha, lakini zitazame tena. "Mlangoni pana mtu": mahali hasa, unapajua. "Mjini kuna baridi": eneo zima, huko kwa jumla. "Mfukoni mna shilingi mia": ndani kabisa. Hata nyumba ni moja lakini unaweza kusema nyumbani petu, nyumbani kwetu na nyumbani mwetu, na kila moja inageuza picha kidogo. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba kutofautisha mahali ni akili ya Mzungu. Sisi tunazo ngazi zetu tatu, na zimepangwa vizuri.

Shida ni kwamba hapa Nairobi tumeziweka kabatini. Sikiliza tunavyoongea. Simu iko kwa meza. Pesa iko kwa mfuko. Msee ako kwa steji. Picha iko kwa ukuta. Neno moja, "kwa", linafanya kazi ya watu wanne bila kulalamika. Mtu wa Mombasa atakwambia mezani, mfukoni, stejini, ukutani, na bado ana po, ko na mo akitaka kuongeza chumvi. Kiingereza kinataka simu iwe "on", pesa iwe "in", msee awe "at", na picha iwe "on" tena. Sasa kichwa kilichozoea "kwa" moja kikiulizwa kichague kati ya matatu, lazima kibahatishe. Huo si ujinga. Mkono uliozoea rangi moja umepewa tatu kwa ghafla.

Na si sisi peke yetu. Kihispania kina "en", na hiyo moja inatosha kwa kitabu kilicho juu ya meza na kwa mtu aliye ndani ya nyumba. Mhispania akifika kwa "in" na "on" anakuna kichwa kama wewe. Wapenzi wa drama za Korea, mnajua Kikorea kina kitenzi "kkita" ambacho hutumika kitu kikishikana na kingine kwa kubana? Pete kidoleni ni "kkita", kaseti ndani ya kasha lake ni "kkita". Kiingereza kinaziona hizo kuwa tofauti, moja "on" na nyingine "in". Mkorea anaziona kuwa kitu kimoja, kwa sababu zote zimebana. Nani ana makosa hapo? Hakuna. Ni ramani mbili za mtaa mmoja.

Basi ramani ya Kiingereza inakaaje? Nitatumia tukio moja ambalo kila Mkenya analijua. Bendera yetu ilipandishwa saa sita usiku wa kuamkia tarehe 12 Disemba 1963, Uhuru Gardens, Nairobi. Kwa Kiingereza wakati wake unakaa hivi: "in 1963, on 12 December, at midnight." Na mahali pake: "in Nairobi, on Lang'ata Road, at Uhuru Gardens."

Umeona mpangilio? Ni ule ule mara mbili. Fikiria umefungua ramani kwa simu na unaikuza kwa vidole viwili. Ukiwa mbali, unaona eneo kubwa ambalo kitu kimo ndani yake: mji, nchi, mwezi, mwaka. Hapo ni "in". Ukikaribia, unaona mstari au uso ambao kitu kimekaa: barabara, ufuo, ghorofa, siku kwenye kalenda. Hapo ni "on". Ukikaribia zaidi, unadondosha pini: steji fulani, lango fulani, saa fulani. Hapo ni "at". In, on, at. Kubwa, katikati, nukta. Mtu angetuchorea hiyo picha darasa la tano, tungeokoa wino mwingi mwekundu.

Picha hiyo haifiki kila mahali, na sitawadanganya. Kiingereza kinasema "in the morning" halafu kinageuka na kusema "at night", na hakina maelezo ya kukuridhisha. Ukitaja siku, siku inashinda: "on Monday morning". Krismasi yenyewe ni "at Christmas" ukimaanisha msimu, lakini "on Christmas Day" ukimaanisha tarehe 25. Hizo unazikariri tu, kama ulivyokariri kwamba wingi wa ukuta ni kuta.

Kuna moja inayopotosha wengi: "on" si "juu". Sisi "juu" yetu imeshapewa kazi nyingi mno. Ni juu ya meza, ni kuongea juu ya siasa, na hapa mtaani ni "sikukuja juu nilikuwa mgonjwa". Ukiishika "on" kwa mkono huo itakuponyoka. Mtazame nzi aliyetua kwa dari. Huyo nzi yuko upande wa chini wa dari, miguu imeangalia juu, lakini Kiingereza kinasema "on the ceiling". Kwa nini? Kwa sababu anaigusa. Picha inagusa ukuta, kwa hivyo "on the wall". Kisumu inagusa ziwa, kwa hivyo "on Lake Victoria", na hakuna nyumba inayoelea. "On" inauliza kama umegusa. Haiulizi kama uko juu.

Upande wa wakati una mtego mwingine. Kiswahili kikitaja wakati hakisumbuki. Nitakuja Jumatatu. Tulikutana Juni. Tuonane usiku. Hakuna kihusishi, siku inajisimamia. Kwa hivyo tukiandika Kiingereza tunafanya moja kati ya mambo mawili. Tunasahau kabisa na kuandika "I was born June", au tunaogopa na kubandika kila mahali: "on tomorrow", "on next Friday", "in last year". Kanuni ya kuokoa maisha ni hii: ukiona "next", "last", "this", "every", "tomorrow" au "yesterday", usiweke kitu. "See you next Friday." Imekwisha. Hapo Kiingereza kinafanya kama Kiswahili, kwa hivyo tulia.

Na habari njema iko pia. "Since" ni tangu, "for" ni kwa muda wa, na zinalingana karibu kabisa. Nimefanya kazi hapa tangu 2022, "since 2022". Nimefanya kazi hapa kwa miaka mitatu, "for three years". Kwa hivyo ukijaribiwa kuandika "since three years" kwenye barua ya kazi, jiulize kwa Kiswahili kwanza: ningesema "tangu miaka mitatu"? Huwezi. Lugha yako imekusahihisha bila malipo.

Sasa tufike kwa vile vya pesa na damu, vile ukikosea unasema kitu kingine. Hivi ndivyo ningetaka tufundishane.

"In hospital" na "at the hospital". Fikiria una shangazi yako anaishi ng'ambo, na wewe umempeleka nyanya kliniki kupimwa presha, mambo ya kawaida. Ukimwandikia shangazi "Grandma is in hospital", umemwambia nyanya amelazwa. Ataanza kupiga simu kwa kila mtu saa hizo hizo. "We are at the hospital" inamwambia mko pale tu, mahali, hata kama ni kuchukua dawa. Kiswahili "tuko hospitali" kinabeba zote mbili na tunaongezea maelezo baadaye. Kiingereza kinataka uchague mapema.

"At the table" na "on the table". Tuliketi mezani, kila mtu anaelewa mko kwa viti mnakula. "We sat on the table" ina maana mmepanda, makalio kwenye chapati. Ukiandika hadithi ya mtihani, hiyo ni tofauti ya familia yenye adabu na familia ingine.

"On time" na "in time". Hii ni ya Wakenya haswa. "On time" ni ile saa iliyopangwa: mkutano ni saa tatu, umefika saa tatu. "In time" ni kabla mambo hayajaharibika: umefika ukapata basi likiwa bado halijaondoka. Unaweza kuchelewa kwa mpango wako na bado ukafika "in time". Mwajiri akikuuliza kama utakuwa "on time" kila siku, haulizi kama utafika kabla ofisi haijafungwa.

"In two days" na "within two days". Ya kwanza inamwambia mteja kwamba baada ya siku mbili utamletea, hesabu mpaka hapo. Ya pili inasema siku mbili hazitaisha kabla hujaleta, inaweza kuwa hata leo jioni. Kama unauza nguo mtandaoni na unaandika muda wa kupeleka mzigo, hiyo tofauti ndiyo inaamua mteja ataanza kukutumia alama za kuuliza siku ya kwanza au ya tatu.

"By Friday", "until Friday", "before Friday". Ya kwanza inamaliza kazi na Ijumaa imehesabiwa. Ya pili inaendelea bila kukoma mpaka Ijumaa. Ya tatu inataka Alhamisi iwe mwisho. Ukipata barua pepe ya chuo au ya ufadhili, hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kutafuta. Usisome pongezi kwanza.

"In front of", "opposite", "past". Hii muulize mtu wa boda. Sisi tukisema "mbele ya benki" tunaweza kumaanisha mlangoni pa benki, au ukishapita benki uendelee kidogo. "In front of the bank" ni mlangoni, upande ule ule. "Opposite the bank" ni ng'ambo ya barabara, mnatazamana. "Past the bank" ni umeipita. Ukimwelekeza mgeni kwa Kiingereza na uchanganye hizo, atazunguka na mzigo wako kwa jua.

Na ukishaweka kihusishi sawa, angalia saa. "At three" si saa tatu. Ni saa tisa. Kihusishi chako kitakuwa safi na bado utafika ukiwa umepishana na watu kwa saa sita.

Hiyo ndiyo orodha yangu. Si ndefu. Utaimaliza kwa safari moja ya matatu kutoka mjini hadi Githurai kukiwa na jamu. Na hapo ulipokaa ukisoma, jiulize uko "in the matatu" au "on the matatu". Desturi ya Kiingereza ni kwamba chombo cha kubeba watu kwa njia yake, kama basi, treni, meli au ndege, unakuwa "on". Gari dogo unalojikunja kuingia, unakuwa "in". Matatu ya watu kumi na wanne ni ya umma lakini unaingia ukiwa umejikunja, kwa hivyo nimeamua kutogombana na mtu yeyote kuhusu hilo.

Nimesema hivyo makusudi, kwa sababu wawindaji wa makosa huongea kana kwamba kuna kitabu kimoja kitakatifu cha vihusishi kilichoshuka London. Hakipo. Mwingereza anasema "at the weekend", Mmarekani anasema "on the weekend". Mwingereza aliyelazwa yuko "in hospital", Mmarekani yuko "in the hospital". Mwingereza hufanya kazi "Monday to Friday", Mmarekani "Monday through Friday". Kule New York kuna watu wanaopanga foleni "on line" wakati wenzao wa majimbo mengine wako "in line". Wenye lugha wenyewe hawajakubaliana, na hakuna anayefuta ukurasa wake kwa aibu. Hata hapa kwetu tumejitatulia: nusu ya matangazo ya biashara Kenya yanasema "along Thika Road", na kila mtu anafika.

Sasa hii tabia ya kuchekana ilitoka wapi? Haikuanza na simu. Wazazi wetu wengi wanajua kile kidude cha kuvishwa shingoni shuleni ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani, kinapitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, na jioni wote waliokivaa wanachapwa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu za namna hiyo katika kitabu chake cha 1986, *Decolonising the Mind*. Kilichokuwa kibaya zaidi pale ni kwamba watoto walifanywa wawindane wenyewe. Skrinishoti ni kile kidude kikiwa na bando. Tofauti ni kwamba hakuna mwalimu anayetulazimisha. Tunajitolea.

Matokeo pia ni yale yale. Mtu aliyeaibishwa hajifunzi "on". Anajifunza kunyamaza. Anakaa kwa mkutano akiwa na wazo zuri na hasemi. Anaona tangazo la kazi na hatumi barua. Rafiki zangu watatu au wanne waliosoma vizuri kuniliko wanaandika ujumbe wa mistari miwili kwa Kiingereza, wanautuma kwangu kwanza niukague, halafu ndio wanautuma kwa mwenyewe. Si kwamba hawajui. Wanaogopa.

Lakini, wale wa "bora umenielewa", msifurahi bado. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Unaweza kukipenda Kiingereza au kukichukia, lakini mkataba wako wa nyumba, barua yako ya kazi na maelezo ya mkopo wa simu mara nyingi vitakuja kwacho. Na ndani ya hiyo karatasi, "by", "within" na "until" ndizo zinazosema lini utadaiwa. Ukisema "bora umenielewa", hakikisha kweli umeeleweka. Jirani yangu alidhani ameeleweka.

Kwa hivyo ombi langu ni hili. Ukiona mtu ameandika "in Thika Road", una njia mbili za kiungwana. Ya kwanza ni kupita tu na kuuliza bei. Ya pili ni kuingia inboksi na kumwambia, "Sasa mrembo, kazi yako ni safi, hapo barabara huwa wanasema 'on'." Maneno kumi na mawili hivi, hakuna hadhira, hakuna aliyeumia. Ukiona mtu ameandika "until" na ulidhani alitaka "by", hapo usipite. Mwambie haraka, kabla hajatuma, kwa sababu hiyo ni pesa yake.

Na wewe unayeogopa kuandika: chukua mahali unapoishi na siku yako ya kesho, uviandike kwa Kiingereza. Mji, barabara, lango. Mwezi, siku, saa. "In, on, at," mara mbili. Fanya hivyo kwa wiki moja na utaona mkono umeanza kuchagua wenyewe. Halafu andika kile ulichokuwa unataka kuandika tangu mwanzo, ukiweke hadharani na uache kikae hapo. Atakayecheka, mtumie hii posti.